Tanga mpaka Lushoto kwa pikipiki mimi na waifu, kwenda na kurudi siku moja, tutaiweza hali ya hewa ya kule juu?

Mgosi_150

Wakuu habari za saa hizi. Naomba mawazo yenu hasa nyie mlioshawahi kupanda Lushoto na pikipiki mkiwa wawili. Mimi nipo Tanga mjini, nina Boksa cc 150 mwaka wa tatu sasa, naendea kazini kila siku ila safari ndefu kabisa niliyowahi kwenda nayo ni Muheza na kurudi. Mwezi wa kwanza mwanzoni tunatimiza miaka mitano ya ndoa, waifu kasema hataki keki hataki hoteli, anataka nimpakie nimpeleke kwenye ile milima anayoionaga kwenye dirisha la basi akienda Moshi kwa dada yake. Anasema kila wakipita Mombo anaangalia juu anaona wingu limekaa anajiuliza huko ndani ya wingu watu wanaishije. Nimelipenda sana hilo wazo kwa kweli, sitaki kuliharibu.

Sasa wasiwasi wangu. Jamaa mmoja kazini ananiambia kule hakuna hali ya hewa moja, Mombo jua la kuchoma, Soni ukungu, Lushoto mvua, ukigeuka nyuma jua tena, na kwamba nguo utakayovaa asubuhi saa nne ishakuwa siyo. Kuna kona vilevile, mimi nimezoea barabara yetu iliyonyooka. Na watoto tunawaacha kwa bibi yao kwa hiyo kulala huko haiwezekani, lazima usiku tuwe nyumbani. Siku moja inatosha au najidanganya? Na Boksa itapanda, mimi kilo 80 yeye 65 na kibegi? Sitaki ifike mahali nimwambie mke wangu ashuke atembee kwa miguu siku yake mwenyewe. Nawasilisha.

MamaPacha_Korogwe

Kaka hongereni kwa miaka mitano. Mimi ndiye nakaaga nyuma kwa hiyo nitakwambia ya nyuma, maana wanaume wakianza kujibu hapa watakuelezea injini mpaka asubuhi na aliyekaa nyuma hakuna atakayemuuliza.

Sisi tulipanda mwezi wa nane mwaka juzi. Tulitoka Korogwe saa moja asubuhi, mpaka Mombo ni mkonge mkonge tu pande zote na joto limeshaanza, nikavua koti nikalifunga kiunoni. Hilo kosa la kwanza. Ukishakunja kulia pale Mombo barabara inaanza kupanda hapohapo, hakuna kujiandaa, upande mmoja ukuta wa mwamba upande mwingine korongo na kule chini unasikia maji. Halafu baridi haiji yote kwa pamoja, inakuja kona kwa kona, unapita kwenye kivuli unahisi kama umefungua friji, unatoka juani unapata nafuu, kivuli kingine, mpaka unakuja kushtuka vidole huvisikii. Mimi niliona aibu kumsimamisha mume wangu kila saa, nikanyamaza, kumbe na yeye mbele alikuwa anatetemeka ananyamaza kwa ajili yangu. Tumefika Soni wote midomo imekuwa ya bluu.

Soni ukungu ulikuwa umekaa mpaka barabarani. Yale maporomoko yapo pembeni kabisa mwa njia lakini tulisimama tukawa tunayasikia tu yananguruma hatuyaoni. Tukaingia kwa mama mmoja anauza chai ya maziwa na viazi vya kuchemsha, tukavaa kila kitu tulichobeba, na nusu saa ile nikiikumbuka naiona ndiyo ilikuwa nzuri kuliko sehemu zote, tumeshika vikombe kwa mikono miwili hatuongei.

Lushoto mjini tukakuta jua safi kabisa. Tukaenda Irente, kutoka mjini ni kama kilomita 6, tukakuta weupe mtupu. Namaanisha unasimama kwenye ule mwamba, mbele yako ukuta wa maziwa. Mume wangu akataka tuondoke, nikamwambia mimi nimeganda njia nzima kufika hapa, naomba tukae. Tulikaa dakika arobaini hivi. Halafu upepo ukavuta, ukungu ukaachia kwa chini kwanza, ukaona mistari ya mkonge, ukaona Mazinde, barabara kuu ya Moshi kama uzi na malori yanatambaa, karibu mita elfu moja chini ya miguu yako, na nyika ya Mkomazi inaenda mpaka macho yanachoka. Dakika kumi. Ukafunga tena. Mpaka leo tukigombana mmoja akisema "Irente" mwingine anatulia.

Sasa sehemu iliyotuharibia. Saa tisa alasiri badala ya kushuka yeye akataka tufike Magamba kwenye msitu. Mimi nilitaka turudi. Tukaenda, na sikatai msitu ni mzuri, mbega wale weusi weupe wanarukaruka juu kabisa mkia umening'inia. Lakini kurudi mvua ikatukuta, nimevaa lile koti la mvua la kujitumbukiza kichwani, upepo unalipeperusha linampiga yeye usoni, upande wa chini linatafuta cheni, giza linaingia na Mombo bado. Nililia kimyakimya nyuma ya helmeti na hakujua mpaka tumefika nyumbani nikamwambia.

Kwa hiyo kaka, saa ya kugeuza mkubaliane nyumbani kabla hamjawasha pikipiki na wa nyuma ndiye aishike. Mkubaliane na ishara za mkono maana kwenye upepo hamsikilizani. Sisi tukagonga bega mara moja ni "punguza", mara mbili "simama", na aliye mbele haruhusiwi kuuliza kwa nini mpaka ameshasimama.

Soni_Juu

Mgosi karibu nyumbani. Mimi nimezaliwa Soni nimekulia Soni, ngoja nikueleweshe hilo wingu la waifu.

Upepo unatoka baharini huko kwenu Tanga umebeba unyevu, unatambaa tambarare hauna shida, ukifika kwenye Usambara unagonga mlima hauna pa kwenda ila juu, na hewa ikipanda inapoa, ikipoa ule unyevu unakuwa ukungu na mvua. Ikishavuka ikashuka upande wa Mombo na Mkomazi imeshakauka, ndiyo maana kule chini utaona mkonge na miiba na huku juu kabichi na mabonde ya kijani, umbali wenyewe kilomita 33 tu. Mombo haifiki hata mita 500 kutoka usawa wa bahari, Lushoto mjini ni kama 1,400. Kila mita elfu ukipanda joto linashuka kama nyuzi 6, hapo bado upepo wa pikipiki na bado nguo haijaloa. Kwa hiyo jamaa yako wa kazini hajakudanganya.

Kuhusu miezi, dada MamaPacha alikuja mwezi wa nane, huo na wa sita na wa saba ndiyo baridi yetu, ukungu asubuhi unaweza kukaa mpaka saa tano na manyunyu yale ambayo si mvua lakini unaloa hivyohivyo. Masika wa tatu mpaka wa tano sikushauri kabisa ukiwa umepakia, mawe yanadondoka barabarani kutoka kwenye kingo na mengine ni ukubwa wa ndoo. Vuli wa kumi mpaka wa kumi na mbili. Wewe mwezi wa kwanza umechagua vizuri, asubuhi mara nyingi kunakuwa kweupe, mawingu yanajikusanya mchana na ikinyesha ni alasiri. Maana yake Irente nenda mapema, usianze na soko wala chakula. Dada yeye alikuta weupe kwa sababu ni msimu ule, wewe ukichelewa mpaka saa tisa ndiyo utaukuta.

Na ukifika Mombo simama uangalie mlima ukoje. Wingu likiwa limekaa juu tu kama kilemba, pandeni, mtaloa kidogo yataisha. Likiwa limeshuka limefunika mpaka mabega na jeusi, kaeni Mombo mnywe soda msubiri saa moja, hakuna anayewafukuza.

Mwezi huo plamsi zinakuwepo, pembeni ya barabara watoto wanauza kwenye visado. Nunueni mkishuka msinunue mkipanda, zinapondeka begini.

Kijiji cha Mtae msiguse kwa siku moja. Najua mtaona picha mtatamani, ila ni mbali na Lushoto na njia ya vumbi ikinyesha inakuwa sabuni.

Fundi_Cheni

Naongezea ya chombo kwa kifupi kwa sababu watu wanaogopa kupanda wakati kinachoumiza ni kushuka.

Kupanda Boksa itapanda. Pikipiki ya kabureta inapoteza kama asilimia 10 ya nguvu kila mita 1,000 kwa vile hewa inakuwa nyepesi, kwa hiyo utaiona nzito, usiikamue kwenye gia ya nne, rudi ya tatu au ya pili mapema kabla haijaanza kulalamika. Ukiona imechemka simama kwenye upana dakika kumi, mpige picha.

Kushuka sasa. Gia uliyopandia ndiyo ushukie, hii wenye malori wanaijua tangu zamani. Usiweke fri hata mita mia kwa ajili ya kubana mafuta, usibane klachi kwenye kona, acha injini ikushike. Breki unagonga unaachia unagonga unaachia, ukiikanyaga moja kwa moja kutoka Lushoto mpaka Mombo ukiwa umepakia ile dramu ya nyuma inachemka unakanyaga hakuna kitu. Kabla ya safari nenda kwa fundi wako abadili breki shuu kama zimekwisha nusu, usisubiri ziishe. Tairi lenye kipara liache nyumbani. Cheni ikazwe wewe ukiwa umekaa na waifu amekaa, siyo ikiwa imesimama tupu, kwa sababu mkikaa wawili inabadilika. Shokapu za nyuma zile zina ngazi za kukaza kwa chini, panda ngazi mbili. Upepo wa tairi la nyuma ongeza kidogo.

Kona ambazo huoni mbele piga honi hata kama unaona aibu, Fuso la kabichi likishuka linahitaji barabara yote. Matone ya kwanza ya mvua ndiyo mabaya, vumbi na oili vinachanganyika, mkisikia tu yameanza simameni robo saa yasafishe lami.

Kioo cha helmeti kikijaa pumzi kwenye ukungu, kipake sabuni ya mche kidogo kwa ndani usiku wa kuamkia safari halafu futa na kitambaa kikavu mpaka kiwe cheupe. Helmeti mbili, na ya waifu iwe imemkaa, siyo ile ya abiria inayozunguka kichwani.

Mgosi_150

Aisee nashukuruni sana, nimemsomea waifu yote amesikiliza mpaka mwisho. Ana maswali mawili kwa MamaPacha. Moja, yeye huwa anavaa gauni refu na amezoea kukaa upande, itamsumbua? La pili anauliza mikono uliishikia wapi muda wote huo.

MamaPacha_Korogwe

Mwambie mdogo wangu kukaa upande siku hiyo asahau. Kwenye kona uzito wote unakuwa upande mmoja, mwendeshaji anapigana nao kila dakika. Avae suruali, juu gauni fupi au dera alipandishe alifunge vizuri, khanga isining'inie hata ncha maana cheni haina huruma. Kwenye kona asijivute kinyume, watu wengi tunaogopa tunajivuta upande wa pili, aangalie tu begani kwa mume wake upande kona inapoelekea, mwili utafuata wenyewe.

Mikono kupanda anamshika mume kiunoni. Kushuka mwili wote unamtelezea yeye mbele, akiendelea kumkumbatia atambana mpaka apumue kwa shida na mikono yake yeye itakufa ganzi, kwa hiyo mkono mmoja ashike kile chuma cha nyuma ya siti ajizuie. Na koti la mvua anunue lile la vipande viwili, koti na suruali. Gazeti moja alikunje aliweke kifuani chini ya koti, linazuia upepo kuliko sweta. Mifuko ya nailoni tangu ipigwe marufuku 2019 ni shida kupata, simu na chaja tia kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko kama la blubendi, haiingii hata tone.

Mgosi_150

Wakuu nimerudi na mrejesho, tumekwenda na tumerudi salama, tarehe nne mwezi huu.

Tumetoka Tanga saa kumi na moja na nusu alfajiri, Muheza bado giza wauza machungwa ndiyo wanapanga. Segera chai. Mombo saa tatu kasoro robo, tukasimama kama Soni_Juu alivyosema tukaangalia juu, wingu kilemba, tukapanda. Koti hatukuvua pamoja na joto la Mombo, jasho lilitutoka kama dakika kumi tu, kona ya nne tukashukuru. Waifu alinigonga bega mara mbili sehemu saba mpaka Soni, nilihesabu, na zote zilikuwa na sababu, moja ilikuwa ni baridi na sita alikuwa anataka kuangalia. Ningekuwa ninaendesha mwenyewe ningepita zote sita. Kuna mahali nyumba zimeng'ang'ania mlimani moja juu ya nyingine, mama analima kwenye mteremko ambao mimi nisingeweza hata kusimama, waifu akampungia mkono na yule mama akaweka jembe chini akapunga mikono miwili.

Irente tumefika saa nne na nusu. Kweupe kabisa. Mimi nilidhani nitapiga picha nyingi lakini nilikaa tu. Waifu aliitafuta barabara kule chini, akaitafuta Mazinde, halafu basi moja jeupe likapita linaelekea Moshi, dogo kama punje ya mchele, akaliangalia mpaka likapotea. Akasema pale ndipo huwa nakaa. Hakusema kingine na mimi sikuuliza. Tukanunua mkate na jibini pale kwenye shamba la Irente tukala tumekaa kwenye majani.

Saa saba na nusu yeye ndiye aliyesema tugeuze, na Magamba hatukwenda japo nilitamani sana kuwaona hao mbega, naomba nikiri nilinuna kidogo. Kabla ya Soni matone yakaanza, tukasimama chini ya bati la duka moja, mvua ikapiga dakika ishirini ya nguvu kweli mpaka maji mekundu yanavuka barabara. Tungekuwa tumekwenda Magamba ingetukuta msituni. Ilipokata tukashuka gia ya pili na ya tatu, honi kila kona, na Fundi nakuthibitishia Fuso tulikutana nalo, limejaa kabichi mpaka juu, kwenye kona ambayo nilikuwa nimepiga honi na yeye akanijibu akanisubiri. Mungu ambariki yule dereva.

Mombo jua kali kana kwamba hakuna kilichotokea. Tukavua makoti tukayatandika juu ya pikipiki yakawa yanatoa mvuke. Plamsi kisado kizima, zimefika nzima, watoto na bibi wamemaliza usiku uleule. Nyumbani saa kumi na mbili na nusu. Mafuta kama lita 9 kwenda na kurudi. Mgongo unaniuma na yeye magoti, na tangu tumerudi anaangalia ramani ya Mtae kwenye simu. Anataka mwezi wa saba mwanzoni watoto wakiwa bado likizo tukalale huko siku mbili. Soni_Juu hiyo njia mwezi wa saba inapitika tukiwa wawili na begi?

Soni_Juu

Mwezi wa saba inapitika ila ni vumbi, na asubuhi mtaamka juu ya wingu, wingu litakuwa chini yenu. Njooni na sweta mbili mbili na blanketi moja jepesi la kujifunika mkikaa nje, na mkifika Soni niulizeni pale stendi, chai ya waifu ipo kwangu.